Muulize Fundi: Ule Mlio wa Brap-brap Unatoka kwenye Heda au Ndani ya Injini?

Swali: Niaje fundi. Niko Nairobi, nina Mazda RX-8 ya 2008 manual, gari iko poa haina shida yoyote. Sasa kuna video za RX-7 zikiwa zimesimama tu mtu hajakanyaga mafuta zinapiga brap brap brap, na mimi nataka yangu ilie hivyo hivyo. Jamaa wa vipuri ananiambia nikifunga heda yake ya stenlesi ya mabomba matatu na nikitoa katalisti (yale masega ya kusafisha moshi) mlio utakuja wenyewe. Bei si ndogo. Ninunue? – Msomaji, Nairobi

Jibu: Kaka usinunue, angalau usinunue kwa sababu hiyo. Nimeanza na jibu kabisa maana najua hela inavyouma na huyo jamaa anaweza kukupigia simu hata kabla hujamaliza kusoma.

Ule mlio hautengenezwi na heda, yani yale mabomba yanayopokea moshi kutoka kwenye injini. Unatengenezwa ndani ya injini, kwenye poti (matundu ya kuingizia hewa na kutolea moshi), heda kazi yake ni kuubeba tu mpaka nje na kuupa sauti nene au nyembamba. Na RX-8 yako haina kile kitu kinachoutengeneza, Mazda walikitoa makusudi.

Sikiliza ilivyo. Gari yako ina injini ya rotari, yani inayotumia rota inayozunguka badala ya pistoni, na rotari haina valvu. Kuna rota yenye pembe tatu inazunguka ndani ya nyumba yake, na rota yenyewe au zile sili za kwenye ncha zake zikipita juu ya tundu ndo tundu linafunguka au kufungwa, basi, hamna kamshafti hamna springi. Kwenye 13B, ile injini ya rota mbili ya RX-7, tundu la kutolea moshi liko kwenye ule ukuta wa mviringo ambao ncha za rota zinausugua, sasa sili ikishapita ukingo wa tundu tu, moshi ambao bado una presha kubwa unaruka nje kwa mkupuo mmoja. Valvu ya gari ya pistoni inajiinua taratibu, inaanza kutoa kidogo kidogo, huku kwenye rotari mlango unakuwa kama umepigwa teke. Ndo maana hata rotari ya kawaida kabisa ambayo haijaguswa ina ule ukali wake unaoutambua ukiwa barabara ya pili.

Lakini ukali sio brap-brap. Brap-brap inatoka kwenye kupishana kwa poti, yani ule muda ambao tundu la kuingiza hewa na tundu la kutoa moshi yote mawili yako wazi kwa pamoja. Mafundi wa mbio wanaipanua poti ya kuingiza, wanakata tundu la ziada juu yake na kuacha daraja la chuma katikati (brij-poti) au wanaihamishia kabisa kwenye ukuta wa mviringo (periferali-poti), ili injini ipumue vizuri kwenye mizunguko ya juu. Kule juu inafanya kazi nzuri sana. Ila gari ikiwa sailensi (injini inawaka lakini hujakanyaga mafuta), throto imefungwa karibu yote, kwenye manifodi ya hewa kuna mvuto mkubwa, huku upande wa ekzosi kuna presha ya kawaida ya hewa ya nje, sasa milango yote ikiwa wazi moshi haubaki kule ulikokwenda, unarudi ndani. Chumba kinajaa moshi uliokwisha ungua, mafuta na hewa safi ni kidogo, plagi inapiga cheche lakini moto haushiki. Mzunguko unaofuata moshi uliokwisha ungua umebaki kidogo na hewa mpya imeongezeka, moto unashika tena na safari hii unashika kwa nguvu. Halafu unaruka tena. Kupiga, kuruka, kupiga, kupiga, kuruka, ndo brap-brap yenyewe hiyo. Ni injini inayomisi kwa sababu ya umbo lake wala sio kwa ugonjwa, na mafuta yasiyoungua yanatoka nayo nje, mengine yanawakia humo humo kwenye bomba. Ndo maana hizo gari ukisimama nyuma yake macho yanawasha, na sailensi yake huwa inawekwa juu ya mizunguko 1,000 kwa dakika la sivyo inazima.

Sasa njoo kwako. Injini ya RX-8 inaitwa Renesis, ilitoka 2003, na jambo lake kubwa ni kwamba tundu la moshi limehamishwa kutoka ukuta wa mviringo kwenda kwenye zile sahani za ubavuni, sehemu ile ile zilipo za kuingiza hewa. Wakazipanga ili moja ifunge kabla nyingine haijafungua. Kupishana hakuna. Hewa chafu imepungua, sailensi imetulia kwenye kama mizunguko 800 na gari inasimama kwenye taa bila kutetemeka. Sasa kitu ambacho hakipo ndani, bomba la nje litakileta kutoka wapi? Hata ufunge heda ya dhahabu.

Heda inafanya nini basi kwenye sailensi? Inafanya, na hapa watu wengi wanachanganya kwa hiyo nivumilie kidogo.

Rotari ya rota mbili inatoa mapigo mawili ya moshi kila shafti inapozunguka mara moja, moja kwa kila rota, yamepishana nusu mzunguko. Kwenye 800 kwa dakika hiyo ni kama mapigo 27 kwa sekunde. Sikio la mtu likipata mapigo chini ya kama 20 kwa sekunde linayasikia moja moja, tu-tu-tu-tu, yakizidi hapo yanaanza kuungana kuwa muungurumo. Kwa hiyo heda ikiunganisha mabomba ya rota zote mapema karibu na injini unasikia mapigo 27, muungurumo mmoja laini. Kila rota ikiwa na bomba lake mpaka nyuma ya gari bila kukutana, kila mdomo unatoa kama mapigo 13, na ukisimama upande mmoja unayasikia yakitwanga moja moja. Injini ni ile ile, sailensi ni ile ile, ila masikio yanaambiwa kitu kingine. Na mabomba yakiwa na urefu tofauti kabla hayajakutana, mapigo yanafika yakiwa hayajalingana, mlio unapata kama kuchechemea hivi, watu wa Subaru mnaujua huo.

Kuhusu urefu wa bomba, wauzaji wanapenda kusema "imetuniwa", yani urefu umepimwa uendane na injini. Imetuniwa kwa ajili ya wapi? Chukua bomba la mita moja. Wimbi la presha kwenye moshi wa moto linasafiri kama mita 550 kwa sekunde, linaenda mpaka mwisho na kurudi kwa chini ya milisekunde 4. Injini ikiwa kwenye 7,000 muda huo ni kama digrii 150 za shafti, wimbi linarudi wakati muafaka na linaweza kuvuta moshi nje, hapo urefu una maana kubwa. Kwenye sailensi ya 800 ni digrii 17 au 18 tu, yani wimbi litakwenda na kurudi, kwenda na kurudi mara nyingi mpaka linachoka kabla pigo lingine halijaja. Kwa hiyo tuning ya urefu kwenye sailensi haisaidii injini chochote. Kinachobaki ni sauti ya bomba lenyewe, bomba pana na fupi linatoa mlio wa wazi wenye makelele, refu na jembamba linaubana, la bati jembamba linalia kama debe na la chuma kinene linameza.

Sasa Renesis yako ina midomo mitatu ya moshi kwenye bloku na sio miwili, wa mbele wa rota ya kwanza, wa nyuma wa rota ya pili, na wa katikati ambapo rota zote mbili zinatolea. Ndo maana heda yake ina mabomba matatu. Maana yake ni kwamba sehemu ya mapigo ya rota zako yamekwisha kutana kabla hayajafika hata kwenye heda, ule ujanja wa kila rota na bomba lake huwezi kuufanya hata ukitaka.

Ukifunga hiyo heda na kutoa masega utapata gari yenye kelele zaidi na harufu ya mafuta, basi. Na nikuambie kitu kimoja. Nilishawahi kuletewa RX-8 ambayo mwenyewe alikuwa anaisifia kwamba sasa inapiga brap-brap vizuri baada ya gereji fulani kumtolea masega. Nikasikiliza dakika mbili tu. Koili mbili (zile za kupeleka umeme wa cheche kwenye plagi) zilikuwa zimekufa. Ile aliyokuwa anaipenda ilikuwa misi ya kweli, mafuta yanamwagika kwenye bomba na rota moja inafanya kazi nusu. Koili za RX-8 zinajulikana kwa kufa, zikifa mafuta yasiyoungua yanaenda kuungulia kwenye masega, masega yanayeyuka yanaziba, joto linarudi kwenye injini na sili zinaenda. Kwa hiyo RX-8 ikianza kupiga brap-brap yenyewe usifurahi hata kidogo, ipeleke ikapimwe.

Hela ya heda weka kwenye koili mpya, plagi, na kupima kompresheni (mbano wa hewa ndani ya injini). Ukitaka mlio mzuri kidogo badilisha mafla ya nyuma tu, masega yabaki.

Swali: Assalaam aleikum ndugu mtaalamu. Mimi niko Maskati, nina RX-7 ya mwaka 1987 isiyo na turbo, gari langu la mapenzi, nimelirejesha mwenyewe pole pole. Mwezi uliopita nimeondosha manifodi ya asili ya chuma cha kutupwa nikatia heda ya mabomba mawili marefu. Likiwa limesimama mlio umekuwa mzuri mno hata majirani wanatoka kusikiliza. Lakini kule juu halivuti tena kama zamani, na nikiachia mafuta linapiga risasi nyuma. Nimekosea wapi? – Msomaji, Maskati

Jibu: Waaleikum salaam ndugu yangu, na hongera kwa kulirejesha hilo gari, najua ni kazi ya miezi.

Hujakosea kwenye heda, ila kuna kitu umekiondoa bila kujua. 13B yako ina poti sita za kuingiza hewa, nne zinafanya kazi wakati wote na mbili za ziada zinafunguka injini ikifika mizunguko ya juu, kwenye kama 3,800 hivi. Sasa kwenye gari za 1986 mpaka 1988 zisizo na turbo, kinachozifungua hizo mbili ni presha ya moshi wenyewe. Kuna kabomba kadogo kanatoka kwenye ekzosi kanapeleka presha kwenye viboya viwili vinavyozungusha mikono ya hizo poti. Ekzosi ya kiwandani imebana, presha inapatikana. Heda yako inapitisha moshi kwa raha, presha haifiki, au pengine hicho kabomba hakikuunganishwa kabisa wakati wa kufunga. Poti zimebaki zimefungwa, injini inapumulia mdomo nusu kule juu ndo maana haivuti.

Anza kwa kuangalia kama kabomba kapo na kama hakajaziba masizi. Halafu zungusha ile mikono kwa kidole, ikiwa imeganda isafishe. Kama mikono iko huru na presha ndo ndogo, watu wengi wanaweka pampu ndogo ya hewa ya umeme na swichi inayowaka kwenye mizunguko fulani, inafanya kazi vizuri. Wengine wanazifunga kwa waya zibaki wazi moja kwa moja, mimi hilo silipendi kwa gari la barabarani, kwenye mizunguko ya chini inakuwa nzito na ule utamu wa kuondoka taratibu unapotea.

Risasi za nyuma ni hewa mpya inayokutana na mafuta kwenye bomba la moto. Gari lako lina pampu ya hewa inayopuliza kwenye ekzosi ili kuunguza mabaki, ukiachia mafuta ile mchanganyiko inawaka, na manifodi nzito ya zamani ilikuwa inameza kelele, mabomba yako membamba hayamezi. Pia kagua gasketi ya heda. Tundu dogo tu la kuvuja pale linanyonya hewa ukiachia mafuta na matokeo ni hayo hayo. Rotari ikiendeshwa kwa nguvu moshi wake unafika nyuzi 900 na zaidi, chuma kinatanuka na kujikunja, boliti ulizokaza gari likiwa baridi zinalegea. Liendeshe mara mbili tatu, liache lipoe kabisa, kaza upya.

Na ule mlio uliowapendeza majirani, ni hayo mabomba mawili marefu. Kwako moshi unatoka kwenye ukuta wa mviringo, rota moja mdomo mmoja, kwa hiyo heda yako kweli inatenganisha rota na sikio linazisikia. Hapo unapata kile ambacho mwenzako wa Nairobi hawezi kukipata. Ukija kuyaunganisha, yaunganishe nyuma kadri nafasi inavyoruhusu.

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mwanafunzi wa ufundi magari Mwanza. Nimesikia sauti ya Mazda 787B iliyoshinda mbio za magari za Le Mans, inalia juu mno kama filimbi ya chuma, haifanani kabisa na RX-7. Si zote ni rotari? Au ni heda? – Msomaji, Mwanza

Jibu: Marahaba mwanangu. Swali lako limenifurahisha kwa sababu jibu lake unaweza kulipiga hesabu mwenyewe.

787B ilishinda 1991, ilikuwa na injini ya R26B yenye rota nne, poti za kuingiza hewa ziko kwenye ukuta wa mviringo na kila rota ina plagi tatu. Rota nne maana yake mapigo manne kila mzunguko wa shafti, moja kila digrii 90. Kwenye 9,000 hayo ni mapigo 600 kwa sekunde, RX-7 ya rota mbili kwenye mizunguko hiyo hiyo inatoa 300. Mara mbili kamili, na kwenye muziki mara mbili ni okteva moja juu. Halafu mabomba yote yanakusanywa kuwa moja, kwa hiyo unasikia sauti moja iliyoshikana na sio nne zinazogombana.

Hapo heda inasaidia sana, tofauti na ile habari ya sailensi. Mabomba yasingekusanywa usingesikia okteva hiyo ikiwa imenyooka vile. Na fanya zoezi hili, tafuta mapigo ya 20B, ile ya rota tatu ya Eunos Cosmo ya 1990, kwenye 800 na kwenye 7,000, uone kwa nini ikiwa sailensi ina muungurumo laini kuliko ya rota mbili.

Swali: Fundi mimi RX-8 yangu asubuhi inapiga tik-tik-tik upande wa ekzosi halafu ikipata moto inaacha. Gereji wanasema injini imekwisha nifungue. Nimeogopa sana. – Msomaji, Arusha

Jibu: Dada tulia kwanza, usifungue injini kwa sababu ya tik-tik.

Mlio unaokuja gari ikiwa baridi na kupotea ikipata moto, upande wa ekzosi, mara nyingi ni gasketi ya manifodi au ufa mdogo. Chuma kikiwa baridi kuna nafasi, moshi unachomoka kwa mapigo, kikitanuka kinajiziba. Asubuhi gari ikiwa haijawashwa mwite fundi ainame karibu na manifodi, uwashe, atazame kwenye kiungo. Pakiwa na alama nyeusi za masizi hapo ndo penyewe. Kama manifodi ina ufa, kuuchomelea inawezekana ila ikiwa ni ya chuma cha kutupwa fundi aipashe moto kwanza na aiache ipoe taratibu, akiichomelea baridi itapasuka pembeni ya pale pale.

Na kama bado wanakung'ang'aniza kwamba injini imekwisha, waombe namba. Rota ina nyuso tatu, kwa hiyo kipimo cha kompresheni lazima kikupe namba tatu kwa kila rota, sita jumla. Geji ya kawaida ya gari za pistoni inashika namba ya juu tu na kuificha iliyo mbovu. Mazda wanataka isipungue 680 kPa, injini ikizungushwa na stata kwa mizunguko 250 kwa dakika. Arusha mko juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi, kwa hiyo namba zitatoka chini kidogo, wafanye hesabu ya mwinuko kabla hawajakuhukumu. Waulize wana mashine ya rotari. Kama hawana, chukua gari yako uondoke nayo.